Sura Iliyobaki na Jina Lake

Kwenye sebule ya nyumba moja Kabwe, karibu kabisa na mchanga ambako wanawake huanika dagaa, imetundikwa picha ya kijana. Amevaa suruali iliyopanuka chini, mkono mmoja ameuweka juu ya kiti, na nyuma yake kuna pazia la studio lililochorwa ngazi na maua. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nilimwuliza mama mwenye nyumba ni nani huyu. Akasema ni ndugu wa marehemu mumewe, aliyepanda meli ya Liemba kwenda kutafuta maisha na hakurudi. Jina lake? Mama akanyamaza, akamwita binti yake. Binti akamwita jirani. Mwishowe tuliishusha picha, tukaigeuza. Nyuma kulikuwa na kadibodi, kutu ya misumari na njia ya mchwa. Jina halikuwepo.

Nilipanda mlima kurudi Namanyere nikiwa na huzuni ambayo sikuitarajia. Kovu tumelihifadhi, suruali tumeihifadhi, hata maua ya pazia tumeyahifadhi, na mtu mwenyewe ametuponyoka. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za picha za vijana wa Kiafrika, hasa zile za zamani zilizochorwa kwa rangi za mafuta kabla ya kamera kuwepo, nikitafuta nani alibaki na jina lake na kwa nini. Simulizi hilo linaanzia mbali na Ziwa Tanganyika, lakini linarudi hadi ufukweni kwetu.

Anayestahili kutangulia ni Ayuba bin Suleiman Diallo. Alizaliwa yapata mwaka 1701 huko Bundu, nchi ambayo leo iko mashariki mwa Senegal. Alikuwa Mfulani wa ukoo wa masheikh, na Qur'ani aliihifadhi kichwani tangu ujana. Mwanzoni mwa miaka ya 1730 baba yake alimtuma Mto Gambia kununua karatasi na mahitaji mengine, akampa na watu wawili wa kuuza. Ayuba hakuafikiana bei na nahodha Mwingereza aliyeitwa Pike, hivyo akavuka mto na kuwauza watu wale kwa ng'ombe. Akiwa njiani kurudi alikamatwa na Wamandinka. Walimnyoa kichwa na ndevu ili aonekane mateka wa vita, wakampeleka kwa Pike yuleyule. Baba yake alipopata habari alituma watu wa kumkomboa. Walipofika mtoni, meli ilikuwa imekwisha ondoka.

Hapa hatuna budi kusimama. Wale wawili waliobadilishwa kwa ng'ombe hawana picha, hawana kaburi linalojulikana, na aliyeandika habari za Ayuba hakuandika majina yao. Ninampenda Ayuba kwa mengi yanayofuata, lakini siwezi kulisimulia jambo lake kana kwamba lilianza siku aliyofungwa yeye. Lilianza siku alipowafunga wengine.

Alishushwa Annapolis, Maryland, akauzwa kwa mkulima wa tumbaku, akapewa jina la Simon. Kazi ya tumbaku ilimshinda, akawekwa kuchunga ng'ombe. Alipokwenda kusali porini, mtoto mmoja wa Kizungu alimfuata akimdhihaki na kumrushia mchanga usoni. Akatoroka, akakamatwa, akafungwa. Gerezani ndiko alikokutana na Thomas Bluett, ambaye baadaye, mwaka 1734, alichapisha kitabu kuhusu maisha yake. Baada ya hapo Ayuba alifanya jambo lililomwokoa: alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Barua ile haikufika Bundu. Ilifika London, mikononi mwa James Oglethorpe, mmoja wa wakubwa wa kampuni iliyofanya biashara ya watumwa Afrika Magharibi. Alipotafsiriwa yaliyomo, alitoa dhamana ya pauni 45 ili mwandishi wake aletwe Uingereza.

Ayuba alifika huko mwaka 1733. Alipokelewa na wasomi na watu wa jumba la kifalme, akamsaidia msomi Hans Sloane kusoma maandishi ya Kiarabu, na akaandika nakala tatu za Qur'ani nzima kwa kumbukumbu tu. Marafiki wake wapya walitaka achorwe. Alikataa mwanzoni, kwa hofu ya dini yake. Alipokubali, alitoa sharti: avae nguo za kwao. Mchoraji, William Hoare, akasema hawezi kuchora vazi asilowahi kuliona. Ayuba akamuuliza imekuwaje basi baadhi ya wachoraji wa nchi hiyo wanathubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna aliyepata kumwona. Hoja ikamalizika hapo. Ayuba akaeleza nguo zilivyo, zikashonwa, akazivaa.

Picha yenyewe si kubwa. Ni takriban sentimita 76 kwa 64. Kijana wa miaka thelathini na kitu amegeuza bega kidogo na kututazama moja kwa moja. Amevaa vazi jeupe na kilemba, na shingoni amening'iniza Qur'ani kwenye ala nyekundu, mojawapo ya zile alizoandika kwa mkono wake. Ndevu zilizonyolewa kwa nguvu zimerudi. Kila ninapoitazama picha hiyo, macho yangu huishia kwenye ndevu hizo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, mtu aangalie picha nyingine za Uingereza za miaka hiyo. Vijana weusi wamo wengi. Wamewekwa pembeni ya turubai, nyuma ya bibi tajiri au chini ya mkono wa bwana mkubwa. Wanashika sinia la matunda au mwavuli au kamba ya farasi, wengine wana kola ya fedha shingoni kama mbwa wa nyumbani. Mchoraji aliwahitaji ili weupe wa bibi uzidi kung'aa na utajiri wa bwana uonekane. Majina ya wenye nyumba yameandikwa kwenye fremu. Ya vijana hayakuandikwa popote. Ndani ya desturi hiyo anatokea Ayuba, katikati ya turubai, peke yake, kwa jina la baba yake na nguo za kwao. Kati ya picha za mafuta za Uingereza zinazojulikana, yake ndiyo ya zamani kuliko zote zinazomwonyesha Mwafrika Mwislamu aliyekuwa mtumwa akakombolewa.

Wengine walifuata. Mwaka 1768, mjini Bath, Thomas Gainsborough alimchora Ignatius Sancho, mtumishi wa jumba la kifahari aliyekuwa mwandishi na mtunzi wa muziki, na inasemekana aliimaliza kazi kwa saa moja na dakika arobaini. Joshua Reynolds alimchora Mai, kijana kutoka visiwa vya Pasifiki. Mwaka 2023 picha hiyo ilinunuliwa kwa pauni milioni 50.

Lakini iliyonikumbusha Kabwe iko katika jumba la makumbusho la mji wa Exeter. Inaonyesha kijana mweusi, koti jekundu, kitambaa cheupe shingoni, macho ya mtu mwenye akili nyingi. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa ni Olaudah Equiano, yule aliyechapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1789, na sura hiyo ikawekwa kwenye majalada ya vitabu na mabango ya shule. Kisha watafiti wakaanza kutilia shaka. Wengine wakasema ni Sancho, wengine wakasema si yeye. Hata jina la mchoraji limebadilishwa, kutoka Reynolds kwenda kwa Allan Ramsay. Leo inaitwa tu Picha ya Mwafrika. Kijana yule alikaa mbele ya mchoraji kwa saa nyingi, akazungumza naye, akaitwa kwa jina lake kila mara, na hakuna aliyeona haja ya kuliandika.

Picha ya mafuta ni kazi ya subira. Rangi husagwa na kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, hupakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka husubiriwa likauke. Kahawia na nyekundu zilizotumika kuchora ngozi ya mtu mweusi katika karne ile nyingi zilitokana na udongo wenye chuma. Ninalitaja hili kwa sababu udongo wa namna hiyo ndio uliokuwa ukichimbwa uwanda wa juu wa Ufipa, na sisi hatukuupaka kwenye kitambaa. Tuliutia motoni.

Mtu akitoka Sumbawanga na kutembea vijijini anaweza bado kukutana na malungu, matanuri marefu ya udongo ambamo wazee waliyeyusha chuma. Mengine yanafika mita tatu kwenda juu, yamesimama karibu na vichuguu kwa kuwa udongo wa kichuguu ndio uliofaa kuyajengea. Hayakuhitaji mivukuto. Yalikuwa na matundu kuzunguka chini, hewa ikaingia yenyewe na kupanda, moto ukafanya kazi. Baada ya hapo chuma kilisafishwa tena katika tanuri dogo kabla ya kufika kwa mhunzi wa majembe. Tanuri jipya lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi, likatiliwa dawa, na wayeyushaji wakashika miiko ya ndoa. Huku chini ufukweni, upande wa Nkasi, mwanaakiolojia Bertram Mapunda amechunguza mabaki ya ufundi mwingine wa chuma, unaoitwa katukutu. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mikono ya hapa haikujua kuumba.

Sura hatukuzichora. Majina tuliyatunza kwa mdomo. Kila Mfipa aliyekaa na wazee amesikia habari za Milansi, mahali pa enzi ya kwanza. Amesikia pia jinsi wanawake watatu wageni walivyofika wakati mwenye kiti yuko mawindoni, na aliporudi utawala ulikuwa umehama. Ndio ukoo wa Watwa wa Ufipa, ambao wasichanganywe na mbilikimo wa misituni. Mwenye kiti wa Milansi akabaki na heshima ya aliyetangulia, Watwa wakashika nchi, na baadaye nchi ikagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Miaka ya 1960 mtafiti Roy Willis alipokuja na daftari lake, masimulizi hayo yalikuwa bado midomoni mwa watu. Naona hilo ni jambo kubwa. Turubai iliyo Exeter imetunza sura kwa zaidi ya miaka mia mbili na jina likapotea. Ufipa ilitunza majina kwa muda wa namna hiyo bila tone la rangi.

Pwani nako waliamini maandishi kuliko picha. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711 zilizohifadhiwa Goa, miongo miwili kabla ya Ayuba kuandika yake huko Maryland. Picha ya mafuta ya mjumbe wa pwani yetu ilikuja karne iliyofuata, na ilichorwa New York.

Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sultana iliingia bandari ya New York ikitoka Zanzibar, imebeba pembe za ndovu, karafuu, kahawa, ngozi, tende na mazulia. Aliyeongoza ujumbe ni Ahmad bin Na'aman, mtu wa karibu wa Sultani Sayyid Said. Mkataba wa biashara na Marekani ulikuwa umekwisha tiwa sahihi tangu mwaka 1833, na sasa Sayyid alileta zawadi kwa Rais Martin Van Buren, zikiwemo farasi na lulu. Umati ulijaa gatini kuwatazama wageni. Mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad kwa mafuta, na kilemba chake na ndevu zake, mtu mzima mwenye haiba. Picha hiyo iko Salem, katika jumba la makumbusho la Peabody Essex. Miaka mia moja na saba imepita kati ya Ayuba na Ahmad, na wote wawili wamevaa vya kwao na wametajwa kwa majina yao. Mabaharia waliomvusha Ahmad bahari, wapandisha tanga na wachota maji, hawakuchorwa hata mmoja.

Nani alizibeba pembe zile hadi pwani? Ni wapagazi waliotembea miezi kwa miezi kutoka bara. Na kilichorudi kutoka Marekani kilikuwa hasa kitambaa, kile ambacho hadi leo tunakiita merikani. Kilipanda na misafara mpaka huku. Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, alikuta watu wanafuma nguo zao wenyewe za pamba. Ufumaji huo ulishindwa na nguo za kununua, ukafifia. Meli ile iliyotupatia picha nzuri ya Ahmad ni sehemu ya biashara iliyozima vitanda vya wafumaji wetu, na yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Kisha ikaja kamera. Mwaka 1871, Unyanyembe, Henry Morton Stanley alipewa mtoto mtumwa aliyetekwa kutoka nchi ya Lunda, kusini-magharibi mwa ziwa letu. Mtoto aliitwa Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda jina, akambatiza Kalulu, ambalo katika lugha nyingi za kusini kwetu ni sungura. Alimpeleka Uingereza, akamtia shule, na mwaka 1872 wakapigwa picha studio London: Stanley mbele, amevaa kofia na mavazi ya safari, Kalulu nyuma yake ameshika bunduki. Itazame vizuri picha hiyo. Ni turubai ileile ya karne ya 18, bwana katikati na kijana mweusi pembeni, isipokuwa mafuta yamebadilishwa na kioo cha kamera. Alitengenezewa hata sanamu ya nta iliyowekwa kwa Madame Tussauds. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka Ziwa Tanganyika kwa mashua, akipita mwambao huu wetu. Kalulu alikuwa katika msafara wake mkuu, na Machi 1877 alikufa maji kwenye maporomoko ya Mto Kongo, bado kijana. Stanley aliyapa maporomoko jina la Kalulu. Ndugu Mhali hakuitiwa kitu.

Na hapa njia inafika nyumbani. Yapata mwaka 1866, karibu na Timbuktu, katika Sahel ileile iliyomzaa Ayuba, alizaliwa mtoto aliyeitwa Atiman. Alitekwa akiwa mdogo, akavushwa jangwa hadi Algeria, na huko akakombolewa na mapadre wa White Fathers. Walimsomesha utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kaskazini mwa Kabwe, kwenye ufuko huuhuu wa ziwa. Hakuondoka. Alitibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Aliandika habari za maisha yake mwenyewe, zikachapishwa. Picha zake zipo, akiwa mzee mwenye uso mtulivu, na mtu anayezitazama anajua jina lake, alikotoka na alichofanya. Mjini Sumbawanga hospitali inaitwa kwa jina lake, na wagonjwa wanaopanda gari alfajiri kutoka mwambao hulitamka bila hata kufikiri: naenda Atiman.

Ukiwapanga hawa wote, utaona waliobaki na majina ni wale ambao kalamu ilifika mikononi mwao, au waliokuwa na mtu karibu aliyejali kuandika. Ayuba aliandika barua, Sancho aliandika, Atiman aliandika. Ndugu Mhali aliandikiwa na mwingine, na mwingine huyo akaandika alivyopenda. Kijana wa koti jekundu hakuandikiwa na yeyote. Uzuri wa picha haukumsaidia mtu hata mmoja kati yao.

Ayuba alirudi kwao mwaka 1734. Alikuta baba yake amefariki, na mmoja wa wake zake, akidhani mumewe hayupo tena duniani, ameolewa na mwingine. Aliishi hadi mwaka 1773. Picha yake ilikaa mafichoni muda mrefu hata ikadhaniwa imepotea, hadi ilipouzwa mnadani London mwaka 2007 kwa zaidi ya pauni laki tano. Mnunuzi alikuwa Qatar. Serikali ya Uingereza ilizuia isisafirishwe na watu wakachanga fedha ibaki, na mwishowe Qatar ikakubali kuiazima kwa jumba la taifa la picha za watu mashuhuri, London. Nchi mbili zilimgombea mtu ambaye zamani alithaminiwa kwa pauni 45, na zilimgombea kwa sababu zilijua ni nani.

Mama yule wa Kabwe hana jumba la makumbusho. Ana msumari, ukuta na dagaa wa kuanika. Lakini bado wapo wazee Kirando, Kipili na Namanyere waliosoma na yule kijana, waliovua migebuka naye, na pengine aliyempiga picha bado yu hai. Miaka kumi ijayo hawatakuwepo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama una picha kama hiyo nyumbani, ishushe leo jioni. Kaa na mzee anayeweza kukusaidia, na usimharakishe. Chukua penseli, maana wino hupenya na kuharibu, uandike nyuma bila kukandamiza: jina lake kama alivyoitwa nyumbani, jina la baba na la mama, kijiji, mwaka hata kama ni wa kukisia, na kazi aliyokuwa akiifanya. Kisha itundike tena mahali pake.